Waziri Alipofunga, Jaji Akafungua

(Muziki wa kufungua kipindi, kisha unashuka taratibu.)

Karatasi hii ina maneno yaleyale tuliyosoma redioni. Tumeichapa kwa ajili ya wale ambao simu zao ziliisha chaji kabla ya kipindi, na wale waliotuambia kwamba mambo ya korti hayashikiki kwa kusikia mara moja. Isome polepole. Mwenye kusoma amsomee asiyesoma.

Kuna swali ambalo halichoki kuzunguka kambini. Utalikuta kwenye foleni ya maji, kwa kinyozi, nje ya msikiti na nje ya kanisa: "Eti kambi inafungwa?" Mmoja anasema amesikia kwa mtu wa ofisini. Mwingine anasema shemeji yake wa Nairobi amemtumia ujumbe. Mama mmoja ataanza kuuza masufuria, kijana mwingine ataacha shule kwa sababu haoni faida ya kufanya mtihani mahali ambapo mwakani hapatakuwepo.

Mimi si wakili. Nilimaliza Form Four hapahapa kambini, na somo nililolipenda lilikuwa historia. Kwa hiyo usiniulize kesho kutakuwa nini. Ninachoweza kukuambia ni kilichokwisha kutokea, maana swali hili limeulizwa nchini Kenya mara kadhaa, kwa sauti ya waziri, na mara kadhaa jaji amelijibu kwa maandishi. Wengi wetu tulisikia sauti ya waziri. Jibu la jaji halikufika kwenye foleni ya maji.

Tuanze mbali kidogo, kwa sababu ukikosa shina hutaelewa tawi.

Mwaka 1939 meli moja iitwayo St. Louis ilitoka Ujerumani ikiwa na abiria 937, karibu wote Wayahudi waliokuwa wakimkimbia Hitler. Ilifika Cuba, ikakataliwa. Ikakaribia pwani ya Marekani, ikakataliwa. Ikarudi Ulaya. Vita vilipoisha, abiria 254 wa meli ile walikuwa wameuawa. Hakuna nchi iliyowapiga risasi kule Cuba au Marekani. Waliambiwa tu warudi.

Aibu ya mambo kama hayo ndiyo iliyozaa Mkataba wa Geneva wa 1951 kuhusu hali ya wakimbizi. Kifungu chake cha 33 kinakataza nchi kumrudisha mkimbizi, kwa namna yoyote ile, mahali ambapo uhai au uhuru wake utakuwa hatarini kwa sababu ya kabila, dini, uraia, kundi lake au maoni yake ya siasa. Ndugu zetu mliosoma kwa Kifaransa kule Kongo mnalijua neno "refouler", na mnajua uchungu wake, kwa sababu mmewaona jamaa waliofukuzwa Angola wakivuka mpaka na mizigo kichwani. Kifungu cha 33 kinakataza jambo hilo kwa mkimbizi.

Kifungu hicho kina sehemu ya pili, ambayo watu husahau kuitaja. Inasema kwamba ulinzi huo hauwezi kudaiwa na mkimbizi ambaye kuna sababu za kweli za kumwona ni hatari kwa usalama wa nchi, au aliyehukumiwa kwa kosa kubwa sana. Angalia vizuri maneno hayo. Yanamzungumzia mkimbizi mmoja, mwenye jina na faili lake. Hayataji watu wa nchi fulani wote, wala kambi nzima. Shika hilo, kwa sababu kesi zote nitakazokusimulia zinazunguka hapo.

Afrika nayo iliandika mkataba wake, Addis Ababa, tarehe 10 Septemba 1969. Mkataba huo unasema wazi kwamba kurudi nyumbani lazima kuwe kwa hiari, na hakuna mkimbizi atakayerudishwa bila yeye mwenyewe kutaka. Kenya ilijiunga na mkataba wa Geneva mwaka 1966, na huu wa Afrika mwaka 1992, mwaka uleule Kakuma ilipofunguliwa.

Lakini karatasi ni karatasi. Wazee wetu wa Kinyarwanda waliopitia Ngara watakuambia.

Desemba 1996, serikali ya Tanzania pamoja na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, UNHCR, zilitangaza kwamba Wanyarwanda wote waliokuwa Tanzania wanatarajiwa kurudi kwao kufikia tarehe 31 Desemba. Walikuwa karibu nusu milioni. Watu wengi wa kambi waliogopa, wakaanza kutembea kuelekea ndani ya Tanzania, mbali na mpaka. Askari waliwazuia na kuwageuza, na msafara ule mrefu ukaelekezwa daraja la Rusumo. Mwezi haukuisha kambi zikawa tupu.

Tuseme ukweli wote. Ndani ya kambi zile walikuwemo watu waliofanya mauaji ya kimbari ya 1994, na Tanzania ilikuwa imebeba mzigo mkubwa kwa miaka miwili na nusu. Lakini walikuwemo pia watoto wachanga, wajane, na watu ambao hawakumgusa mtu. Hakuna aliyekaa chini akauliza huyu ni nani na yule ni nani. Na hakuna jaji aliyeombwa kuuliza. Mikataba miwili ilikuwepo, imetiwa sahihi na Tanzania yenyewe, na haikumsaidia hata mtoto mmoja pale darajani, kwa sababu mkataba hauna miguu. Lazima mtu aubebe aupeleke mbele ya mtu mwenye uwezo wa kusema "simameni".

Sasa turudi Kenya, mwaka 2010.

Mwaka huo Wakenya walipitisha katiba mpya. Kwa sisi wageni mambo matatu ndani yake yalibadilisha hali, ingawa siku ile hakuna aliyetuambia. Kifungu cha 2 kinasema mikataba ambayo Kenya imeiridhia ni sehemu ya sheria ya Kenya. Kwa hiyo ule wa Geneva na ule wa Addis Ababa zikawa sheria ambazo jaji wa Nairobi anaweza kuzishika mkononi. Kifungu cha 22 kinampa mtu yeyote ruhusa ya kwenda kortini haki ikivunjwa, kwa niaba yake au kwa niaba ya wengine wasioweza kwenda wenyewe, na kinasema hakuna ada ya kuanzisha kesi ya namna hiyo. Na kifungu cha 47 kinataka kila uamuzi wa serikali unaomgusa mtu uwe wa haki, na mtu aandikiwe sababu.

Na haki nyingi katika katiba ile zimepewa "kila mtu". Hazikuandikwa "kila raia". Zipo za raia peke yao, kama kupiga kura. Lakini utu, usalama wa mwili, kutobaguliwa na kusikilizwa kwa haki ni vya kila mtu, na wewe ni mtu.

Miaka miwili baadaye mambo hayo yalipimwa. Kenya ilikuwa imepeleka jeshi Somalia Oktoba 2011 kupigana na Al-Shabaab, na mabomu ya kurushwa kwa mkono yakaanza kulipuka Nairobi na mjini Garissa. Tarehe 18 Desemba 2012 idara ya serikali iliyosimamia wakimbizi ilitoa tangazo: wakimbizi wote wanaoishi mijini waende kambini, Wasomali Dadaab, wengine wote Kakuma. Uandikishaji mijini usimame. Januari 2013 ikatoka barua ya wizara iliyosema awamu ya kwanza ni watu 18,000, watakusanywa kwanza katika uwanja wa michezo wa Thika.

Fikiria wewe ni fundi cherehani Eastleigh, Mkongomani, una kibanda na wateja, watoto wako darasa la sita. Kitambulisho chako kimetolewa na serikali hiyohiyo. Polisi wakawa tayari wanagonga milango usiku, na kila mlango ulikuwa na bei yake.

Shirika la msaada wa kisheria la Nairobi liitwalo Kituo Cha Sheria lilikwenda Mahakama Kuu, na wakimbizi wenyewe waliokuwa wakiishi Nairobi nao wakapeleka ombi lao. Tarehe 23 Januari 2013 korti ikatoa amri ya muda: msimhamishe mtu mpaka kesi isikilizwe. Hukumu yenyewe ilitoka tarehe 26 Julai 2013, kwa kalamu ya Jaji David Majanja.

Alikubali kwamba serikali ina kazi ya kulinda watu. Hakulidharau jambo hilo. Kisha akauliza swali ambalo hata mtoto angeuliza: kumhamisha mkimbizi huyu aliye mbele yangu kutazuia bomu gani? Serikali haikuonyesha uhusiano wowote kati ya watu waliotajwa na mashambulizi yaliyotajwa. Kusema "usalama wa taifa" peke yake hakutoshi. Akaona kwamba amri ile inavunja utu wa watu, uhuru wao wa kutembea, na haki ya kutendewa kwa utaratibu, na kwamba kuwabana watu hadi waone afadhali kurudi vitani ni njia nyingine ya kuwarudisha. Akaifuta.

Hapo ndipo napenda kusimama kidogo. Kuna kumrudisha mtu kwa kumtia kwenye lori. Na kuna kumfungia kila mlango mpaka mwenyewe apande lori. Jaji yule aliziona zote mbili. Alifariki Julai 2024, na sidhani kama wengi wa waliobaki kwenye nyumba zao Eastleigh kwa sababu yake waliwahi kulisikia jina lake.

(Muziki mfupi.)

Usidhani kuanzia hapo mambo yalikuwa mteremko.

Miezi miwili baada ya hukumu, Septemba 2013, Al-Shabaab walivamia jengo la maduka la Westgate na kuua watu 67. Kenya ililia, nasi tulilia nayo. Machi 2014 waziri wa usalama akatoa tena amri ya wakimbizi wote kurudi kambini, na mwezi wa Aprili ikaanza operesheni iliyoitwa Usalama Watch. Maelfu ya watu walikamatwa, wengi wao Wasomali, na hata Wasomali Wakenya hawakuachwa. Wengi walifungiwa katika uwanja wa Kasarani, ule ambao wewe unaujua kwa mpira. Tarehe 9 Aprili ndege ya kwanza ilipeleka watu 82 Mogadishu, na nyingine zikafuata, hadi waliopelekwa wakazidi 300.

Watu walikwenda kortini tena. Safari hii, mwisho wa Juni 2014, Mahakama Kuu haikuifuta amri. Naliweka jambo hili hapa makusudi, kwa sababu nimewasikia vijana wenzangu wakisema "korti iko upande wetu". Korti haina upande. Inapima ushahidi ulioletwa siku ile, katika nchi ya siku ile. Hukumu ya 2013 haikuwa ukuta wa saruji.

Kisha likaja jambo ambalo kwangu mimi ndilo la ajabu kuliko yote. Tarehe 19 Desemba 2014 Rais alitia sahihi sheria ya kubadilisha sheria za usalama. Siku ya kura bungeni wabunge walirushiana maji na kupigana. Ndani ya sheria hiyo kulikuwa na kifungu cha 48: idadi ya wakimbizi na waomba hifadhi nchini Kenya isizidi 150,000.

Kenya wakati huo ilikuwa na wakimbizi zaidi ya nusu milioni. Piga hesabu mwenyewe. Wanaobaki waende wapi? Nani angechagua nani abaki? Sheria haikusema.

Upande wa upinzani, pamoja na mashirika ya haki, ukaenda kortini. Tarehe 2 Januari 2015 jaji akasimamisha baadhi ya vifungu kwa muda, na tarehe 23 Februari 2015 majaji watano wakatoa hukumu pamoja. Walivifuta vifungu vinane, na kile cha 48 kikiwamo. Hoja yao ilikuwa rahisi: ukiweka kikomo chini ya idadi iliyopo, maana yake umeamuru wengine wafukuzwe, na kuwafukuza ni kuwarudisha kwenye hatari, na hilo Kenya ilikwisha kuahidi haitalifanya. Usisahau kwamba waliokwenda kortini walikuwa wanasiasa wakigombana na wanasiasa wenzao. Sisi tulikuwa kifungu kimoja katikati ya ugomvi wao. Lakini kifungu kilianguka.

Sasa tufike Dadaab.

Wasikilizaji wetu mliohamishwa kutoka kule mnajua kuliko mimi. Dadaab ilianza 1991, serikali ya Somalia ilipoanguka. Ilipangwa kwa watu 90,000. Ukame na njaa ya 2011 vilipoleta wengine, ikapita 450,000, ikawa kambi kubwa kuliko zote duniani. Kulikuwa na watoto waliozaliwa Ifo, wakakua Ifo, wakazaa Ifo.

Tarehe 2 Aprili 2015 Al-Shabaab waliua watu 148 katika chuo kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Siku chache baadaye serikali ikaipa UNHCR miezi mitatu kuiondoa Dadaab. Miezi mitatu ikapita. Halafu tarehe 6 Mei 2016 Katibu wa wizara ya usalama wa ndani akatangaza kwamba serikali imechoka, itazifunga kambi, na kwamba ile idara ya wakimbizi imekwisha kuvunjwa. Baadaye ikaeleweka kwamba Dadaab ndiyo itakayofungwa kwanza, na tarehe ikawekwa: 30 Novemba 2016. Kisha ikasogezwa miezi sita.

Tangu Novemba 2013 kulikuwa na mapatano kati ya Kenya, Somalia na UNHCR kwamba wanaotaka kurudi kwa hiari watasaidiwa. Mapatano mazuri kwenye karatasi. Lakini mtu akikuambia kwamba kambi inafungwa Novemba, na anayejiandikisha sasa atapewa pesa na nauli, na anayengoja hajui atapewa nini, hiari yako iko wapi? Idara imevunjwa, kwa hiyo huna pa kupeleka karatasi. Uandikishaji umesimama. Mgao umepungua. Basi liko pale, mlango uko wazi. Unaweza kusema ulipanda mwenyewe, na kweli hakuna aliyekushika mkono.

Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ya Kenya pamoja na Kituo Cha Sheria zilikwenda Mahakama Kuu. Tarehe 9 Februari 2017 Jaji John Mativo alisoma hukumu. Alisema uamuzi wa kuwafukuza wakimbizi wa Kisomali kwa jumla yao ni kulitesa kundi la watu, ni ubaguzi, na ni kinyume cha katiba. Alisema huwezi kuwaadhibu watu kwa pamoja kwa kosa ambalo hujaonyesha ni nani alilifanya. Alisema serikali haikuwasikiliza wahusika kabla ya kuamua. Na idara ya wakimbizi iliyovunjwa, aliamuru irudishwe, kwa sababu iliundwa na sheria ya bunge ya 2006, na tangazo la ofisi haliwezi kuua kilichozaliwa na bunge.

Unaona uzi? 1996 hakuna aliyeuliza "nani hasa?" Mwaka 2013 jaji aliuliza. Mwaka 2017 mwingine akauliza tena. Ni swali lilelile la sehemu ya pili ya kifungu cha 33.

Serikali ilisema itakata rufaa. Mei 2017 ikafika, na Dadaab ilikuwa bado ipo.

Ningependa kuishia hapo, ni pazuri. Lakini ningekudanganya. Dadaab ilikuwa na kambi tano: Ifo, Dagahaley, Hagadera, Ifo 2 na Kambioos. Kambioos ilifungwa mwaka uleule wa hukumu, 2017. Ifo 2 ikafungwa 2018. Hakuna aliyeidharau korti waziwazi. Watu walikuwa wamepungua, na waliobaki wakahamishiwa kambi nyingine. Makumi ya maelfu walikuwa wamekwisha kurudi Somalia, wengi wao kabla jaji hajafungua kinywa, na baadhi yao walirudi tena Dadaab ukame ulipowakuta kule. Waliporudi walikuta jina lao limefutwa kwenye orodha ya mgao. Hukumu inaweza kuzuia sahihi ya waziri. Haiwezi kumrudishia mtu jina aliloliacha kwenye meza ya kujiandikisha kuondoka, na haiwezi kuongeza kilo ya mahindi.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, ukiwa kambini la kuliangalia zaidi si tangazo la kufunga. Tangazo lina tarehe, lina jina la aliyelitoa, mtu anaweza kulipeleka kortini asubuhi yake. Mgao unaopungua mwezi baada ya mwezi, kibali cha kusafiri kinachocheleweshwa, ofisi ambayo haiandikishi watoto, hivyo havina tangazo. Wakili atashika nini?

Jambo lilijirudia mwaka 2021, na safari hii Kakuma ilitajwa kwa jina. Tarehe 24 Machi waziri wa usalama wa ndani aliipa UNHCR siku 14 kuleta mpango wa kuzifunga Dadaab na Kakuma. Mnakumbuka wiki zile. Mbuzi walikuwa wanauzwa kwa bei ya kuku. Tarehe 8 Aprili, baada ya raia mmoja wa Kenya kupeleka ombi, Mahakama Kuu ilisimamisha mpango huo kwa siku 30. Raia, si mkimbizi. Ndicho kifungu cha 22 nilichokuambia. Mwisho wa Aprili serikali na UNHCR wakakubaliana kwamba kambi zifungwe kufikia tarehe 30 Juni 2022. Tarehe hiyo ilifika siku ya Alhamisi, ikapita, na Ijumaa watu waliamka wakachota maji.

Katikati ya hayo, Novemba 2021, Rais alitia sahihi Sheria mpya ya Wakimbizi. Inakataza kumrudisha mkimbizi kwenye hatari kama ile ya 2006 ilivyokataza, na inafungua njia za kazi na biashara ambazo zamani zilikuwa ndoto. Na Machi 2025 serikali ikazindua Mpango wa Shirika, wa kuzigeuza kambi ziwe kama miji ya kawaida ambamo mkimbizi na mwenyeji wanatumia shule moja na hospitali moja. Kama utatekelezwa, na lini, tutaona. Nimeuweka hapa kwa sababu ni badiliko la kweli la lugha: kutoka "ondokeni" hadi "mtaishije".

Mwisho nikupeleke London kidogo, kwa sababu majirani zetu wa Rwanda walitajwa humo.

Aprili 2022 Uingereza ilifanya mapatano na Rwanda: waliovuka bahari kwa mashua kwenda Uingereza kuomba hifadhi wapelekwe Kigali, maombi yao yaamuliwe huko, na wakae huko. Tarehe 14 Juni 2022 ndege ilikuwa tayari uwanjani, na ikazuiwa usiku uleule baada ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya kuingilia kati. Kesi ikapanda ngazi hadi Mahakama ya Juu ya Uingereza, na tarehe 15 Novemba 2023 majaji watano wakaamua kwa sauti moja kwamba mpango ule si halali. Hawakusema ni kosa kumpeleka mtu nchi ya tatu. Walisema ushahidi, mwingi wake wa UNHCR, ulionyesha hatari ya kweli kwamba mtu akikataliwa Kigali anaweza kurudishwa kule alikokimbia. Waliangalia pia yaliyowapata watu ambao Israeli iliwapeleka Rwanda miaka ya nyuma. Ni kamba ileile ya 1951, imevutwa London.

Bunge la Uingereza likajibu kwa sheria ya Aprili 2024 iliyotamka kwamba Rwanda ni nchi salama. Yaani jaji amesema mvua inanyesha, bunge likapitisha sheria kwamba kuna jua. Julai 2024 ikaingia serikali mpya, ikaufuta mpango wote. Waliokuwa wamekwenda Kigali ni watu wanne tu, na walikwenda kwa kukubali wenyewe.

(Muziki unapanda kidogo, unashuka.)

Sasa haya yako wewe, ambaye huna wakili. Karatasi zako ziweke pamoja, mahali pakavu: kitambulisho, karatasi ya familia, barua yoyote uliyopewa na ofisi, hata ya kukukatalia. Hasa ya kukukatalia. Majaji wote hawa niliowataja walifanya kazi kwa karatasi zilizoletwa mbele yao. Ukiambiwa jambo kwa mdomo na mtu wa ofisi, omba kwa heshima uandikiwe, na andika tarehe na mahali. Ukiletewa fomu ya kurudi nyumbani, isomewe kwanza na mtu unayemwamini, na uliza maswali mawili kabla ya kuweka kidole: nikibadilisha mawazo kesho naweza kufuta? Na nikirudi hapa, jina langu litakuwepo? Mtu asiyetaka kujibu maswali hayo amekwisha kukujibu.

Ukipata barua ya kuitwa kwa ajili ya kufukuzwa nchini, usiikimbie na usiitupe. Iko siku iliyoandikwa ndani yake. Mawakili wa wakimbizi wasiolipwa wapo kambini kwa siku zao, na ratiba hubandikwa kwenye ubao wa ofisi ya ulinzi. Nenda mapema, foleni huanza kabla ya jua.

Wiki ijayo, saa ileile, tutaisoma sheria ya 2021 kifungu kwa kifungu, tukianza na kibali cha kusafiri, kwa sababu maswali mengi mliyotuma kwenye sanduku letu ni ya kibali. Mwenye swali aliandike na kulitumbukiza kabla ya Jumatano jioni. Si lazima uweke jina.